Kodi imelipwa, Excel haijaiona: kisa cha SUMIF katika ofisi ya wakala wa nyumba

## Usuli

Ofisi moja ndogo ya wakala wa nyumba jijini Nairobi inasimamia ploti tatu za mwenye nyumba mmoja, zote upande wa Eastlands. Jina la ofisi, mtaa na wahusika nimeviondoa, na viwango vya kodi nimevisogeza kidogo. Makosa yenyewe nimeyaacha yalivyokuwa.

Ploti ya kwanza ina nyumba 20 za shilingi 12,000, na milangoni imeandikwa 1 hadi 20. Ya pili ina nyumba tisa za shilingi 10,000, zimeandikwa 01 hadi 09. Ya tatu ni ghorofa lenye nyumba 18 za shilingi 14,000, B1 hadi B18. Wote wakilipa, mwezi unaingiza shilingi 582,000.

Hiyo sifuri ya ploti ya pili ina historia yake. Ploti ilinunuliwa baadaye, na aliyekuwa msimamizi wakati huo alimwambia fundi wa rangi aitangulize sifuri ili nyumba 1 ya huku isichanganywe na nyumba 1 ya kule. Kwa anayesoma mlango, inatosha kabisa.

Kodi hulipwa kwa paybill, yaani nambari ya biashara ya M-Pesa, na mpangaji huandika nambari ya nyumba yake kwenye sehemu ya akaunti. Anaandika anavyotaka: simu haimkatazi kuacha nafasi wala kuongeza neno. Katika ploti ya pili wapo wanaopenda kumpa keateka, yaani mwangalizi wa ploti, pesa taslimu, naye humtumia karani ujumbe wa WhatsApp: nani, kiasi gani, lini.

Hesabu zote zilikuwa kwenye faili moja la Excel lenye shiti mbili. Shiti ya Malipo ilikuwa na tarehe, nambari ya muamala, nyumba kwenye safu C, na kiasi kwenye safu D. Shiti ya Wapangaji ilikuwa na nyumba kwenye safu A, kodi anayodaiwa kwenye B, alicholipa kwenye C na deni kwenye D. Alicholipa kilitafutwa kwa fomula hii, ikashushwa hadi nyumba ya mwisho:

`=SUMIF(Malipo!C:C,A2,Malipo!D:D)`

Maana yake: pita safu ya nyumba, kila utakapokuta nyumba hii, jumlisha kiasi kilicho mbele yake. Ni fomula nzuri. Kilichoiharibu ni vitu ilivyolishwa.

## Kilichotokea

Kodi hufungwa tarehe 5. Asubuhi ya tarehe 6 karani, aliyekuwa na miezi mitatu kazini, alisasisha shiti ya Malipo kutoka vyanzo vitatu. Sehemu kubwa ilitoka kwenye ripoti ya Excel ya paybill. Malipo ya siku za mwisho hayakuwa yameingia kwenye ripoti hiyo, hivyo akayanakili moja kwa moja kutoka ukurasa wa tovuti wa akaunti na kuyabandika chini. Pesa taslimu za keateka akazichukua kutoka WhatsApp kama zilivyoandikwa: `10,000/=`. Malipo matatu ya ghorofa aliyachapa mwenyewe akisoma ujumbe ambao wapangaji walikuwa wamemtumia.

Safu ya deni ikajaa. Ilionyesha nyumba 18 zenye deni: sita za ploti ya kwanza, kumi na mbili za ghorofa, na hakuna hata moja ya ploti ya pili. Notisi 18 zikachapishwa na kugawanywa kabla ya saa nne.

Saa tano simu zikaanza. Mpangaji wa B7 alikuja ofisini na ujumbe wa M-Pesa kwenye skrini: shilingi 14,000, tarehe 3. Karani alifungua shiti ya Malipo na kuuona muamala ule ule, msimbo ule ule, kiasi kile kile. Pesa ilikuwepo. Shiti ya Wapangaji ilisema sifuri. Wa nyumba 2 alikuwa na malalamiko ya ajabu zaidi: amelipa 12,000 kamili, notisi inasema anadaiwa 2,000. Hakuna aliyeweza kumweleza hizo 2,000 zimetoka wapi.

Karani alijaribu mambo matatu, na yote matatu nimeyaona kwa watu wengine wengi.

Kwanza, aliwaandikia waliolalamika kiasi chao kwa mkono juu ya fomula. Deni lao likafutika, wakaondoka. Fomula pia ikafutika.

Pili, alihisi tatizo ni aina ya seli, akachagua safu D nzima na kuibadilisha iwe ya nambari. Hakuna kilichobadilika. Excel ikishaihifadhi `14,000` kama maandishi, kuibadilishia seli umbizo hakuyageuzi maandishi hayo kuwa nambari mpaka uingize thamani upya.

Tatu, aliona kwamba malipo ya B3 yameandikwa "HSE B3", akasoma mahali kwamba nyota hutafuta neno ndani ya maneno mengine, akabadilisha sharti la fomula, ile A2 ya katikati, kuwa `"*"&A2&"*"`. B3 ikapatikana. Lakini nyumba 1 sasa ilionekana imelipa shilingi 166,000 kwa mwezi mmoja, kwa sababu kila nyumba yenye tarakimu 1 mahali popote, kuanzia 10 hadi B18, ilihesabiwa kuwa yake.

Wakati huo keateka wa ploti ya pili alipiga simu kuuliza swali ambalo lilinivutia kuliko malalamiko yote: "Mbona 05 na 09 hawajapewa notisi? Hao hawajanilipa, na paybill pia wanasema bado."

Hapo ndipo nilipoitwa.

## Nambari tatu zisizopatana

Nilianza na jumla, nikaacha malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Faili la asubuhi lilikuwa bado limehifadhiwa, kabla ya marekebisho ya karani, na ndilo nililolitumia.

Akaunti ya paybill ilionyesha mapokezi ya shilingi 503,000. Kitabu cha risiti cha keateka kilikuwa na 40,000. Pesa halisi kwa hiyo ni 543,000.

`=SUM(Malipo!D:D)` ilitoa 324,000.

Jumla ya safu ya "alicholipa" kwenye shiti ya Wapangaji ilikuwa 384,000.

Tazama hizo mbili za mwisho. Orodha ya wapangaji inadai kupata shilingi 384,000 kutoka kwenye safu ambayo jumla yake yote ni 324,000. Haiwezekani, isipokuwa kama malipo fulani yanahesabiwa zaidi ya mara moja. Na 324,000 iko chini ya pesa halisi kwa 219,000, maana yake malipo mengine hayahesabiwi hata mara moja. Palikuwa na makosa mawili yanayovutana, moja likipunguza na lingine likiongeza. Ndiyo maana haikusaidia kumfuata mpangaji mmoja mmoja: katika nyumba nyingine makosa yote mawili yalikutana, na jibu likatoka karibu sahihi kwa bahati tu.

## Pesa zilizokuwa maandishi

Kwenye safu D kulikuwa na malipo 44. `=COUNTA(D2:D45)`, inayohesabu seli zote zisizo tupu, ilitoa 44. `=COUNT(D2:D45)`, inayohesabu nambari tu, ilitoa 26. Malipo 18 yalikuwa maandishi yaliyovaa sura ya nambari. (Hiyo 18 na zile notisi 18 ni sadfa. Karani alipoteza muda akijaribu kuyalinganisha makundi hayo mawili.)

SUM na SUMIF zikikuta maandishi kwenye safu ya kujumlisha huyaruka. Hazitoi kosa, hazibadilishi rangi, hazisemi neno. Kuna sababu nzuri ya hilo: ndiyo inayokuruhusu kuchagua safu nzima pamoja na kichwa chake "Kiasi" bila fomula kulia. Ila gharama yake ni kwamba `10,000/=` hupewa heshima ile ile ya kichwa cha safu.

Maandishi yale 18 yalikuwa ya aina tatu.

Malipo 11, matano ya ploti ya kwanza na sita ya ghorofa, ni yale yaliyonakiliwa kutoka ukurasa wa tovuti. Kila kiasi kilikuwa na alama moja isiyoonekana mwishoni: ile nafasi ambayo kurasa za wavuti hutumia ili maneno mawili yasitenganishwe kwenye mistari miwili. Kwa macho ni nafasi ya kawaida, lakini kwa Excel ni herufi nambari 160, na TRIM, fomula ya kuondoa nafasi za ziada, haiigusi. `=LEN(D31)` ndiyo iliyoifichua: `12,000.00` ina herufi tisa, fomula ikasema kumi. Hapo palikuwa na shilingi 144,000.

Malipo manne ya pesa taslimu yalikuwa na `/=`. Hiyo ni 40,000.

Matatu ya mwisho, jumla 35,000, ni yale aliyoyachapa karani mwenyewe. Siku chache kabla alikuwa ameona Excel ikila sifuri anapoandika 01, akafanya jambo sahihi: akaiwekea safu ya nyumba umbizo la maandishi. Ila alichagua safu C na D kwa pamoja. Kuanzia hapo kila alichokichapa kwenye D kilizaliwa maandishi. Pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli ilikuwa inamwambia hivyo, lakini nani huzisoma pembetatu hizo?

Aina hii ya tatu ina tabia inayopotosha watu wazima. Ukiandika `=D40+D41`, Excel hubadilisha maandishi kuwa nambari yenyewe na kukupa 28,000. Ukiandika `=SUM(D40:D41)` unapata 0. Seli ni zile zile. Karani alikuwa amejaribu alama ya kujumlisha, akaona jibu sahihi, akahitimisha kwamba nambari zake ni nzima. Jaribio hilo halithibitishi chochote. Tumia `=ISNUMBER(D40)`, inayojibu TRUE kwa nambari halisi tu, au chagua seli na utazame upau wa chini wa dirisha: kama unakuonyesha idadi ya seli bila jumla, umechagua maandishi.

## Nyumba zilizokula za jirani

Upande wa sharti, SUMIF hufanya kinyume. Ambako safu ya kujumlisha ni kali kupita kiasi, sharti ni legevu kupita kiasi.

Ukiipa sharti linalofanana na nambari, SUMIF huligeuza kuwa nambari, na hufanya hivyo hivyo kwa seli inazozipima, hata kama ni maandishi. Kwake "01", "1", "001" na nambari 1 ni kitu kimoja. Kuiwekea safu umbizo la maandishi, kama alivyofanya karani, hulinda sifuri machoni tu. SUMIF haijali.

Kwa hiyo nyumba 01 ilipewa malipo ya nyumba 1, na nyumba 2 ikapewa ya 02. Sasa zile 2,000 za ajabu zinaelezeka. Mpangaji wa nyumba 2 alilipa 12,000, lakini malipo yake yalikuwa miongoni mwa yale ya tovuti, yakarukwa. Mpangaji wa 02 alilipa 10,000 kwa paybill, zikaingia kama nambari. SUMIF ikampa nyumba 2 hizo 10,000 za jirani, na ofisi ikamwandikia notisi ya tofauti. Nyumba 4 na 8 walipatwa na jambo lile lile.

Na 05? Hakulipa chochote. Lakini nyumba 5 alikuwa amelipa 12,000, SUMIF ikamhesabia 05, na kwenye orodha akaonekana amezidisha 2,000. Hata 09 hivyo hivyo. Ploti nzima ya pili haikuwa na mdaiwa hata mmoja kwa sababu ilikuwa inaishi kwa kodi ya ploti ya kwanza.

Ghorofani shida ilikuwa nyingine. B7 ilikuwa imeandikwa "B7" na nafasi moja mwishoni, B14 ilikuwa "B 14", na B3 ni ile "HSE B3". Kwenye maneno yasiyofanana na nambari SUMIF haina ulegevu huo: haijali herufi kubwa na ndogo, b7 na B7 ni mamoja, lakini nafasi moja ya ziada hulifanya kuwa neno jingine. Malipo yao yalikuwa nambari halali, 42,000, na hayakumfikia mtu yeyote.

## Maamuzi

Data ghafi isiguswe. Mwenye ofisi alitaka karani apite malipo yote 44 na kuyasahihisha kwa mkono. Ingechukua nusu saa. Nilikataa. Mwezi ujao ubandikaji utafanywa tena na kila kitu kitarudi kilivyokuwa, tena baada ya kusahihisha huwezi kuthibitisha kwamba ulichonacho ndicho kilichotoka benki. Badala yake tuliongeza safu mbili kando. Safu E ni nyumba iliyosafishwa:

`=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(C2),CHAR(160),"")," ","")`

Safu F ni kiasi kilichosafishwa:

`=IF(ISNUMBER(D2),D2,VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(TRIM(D2),CHAR(160),""),"/=","")))`

Ya pili inasema: kama tayari ni nambari, iache; kama sivyo, ondoa ile nafasi ya wavuti, ondoa `/=`, kisha igeuze nambari. VALUE inaielewa koma ya maelfu mradi kompyuta imewekwa kwa mpangilio wa Kiingereza, kama zilivyo nyingi hapa Nairobi. Kwenye Mac, herufi 160 inaweza kuwa kitu kingine. Huko tumia UNICHAR(160).

Kosa lionekane. Karani alipendekeza tuifunge fomula ya F ndani ya IFERROR ili ikishindwa iweke 0, shiti isichafuke. Hili ndilo nililolipinga kwa nguvu zaidi. Tatizo zima la mwezi huo lilikuwa kwamba pesa isiyosomeka iligeuka sifuri kimyakimya. Tungekuwa tunaijenga upya kwa mikono yetu. Keateka akiandika kesho "elfu kumi", nataka #VALUE! ijae shiti nzima mpaka mtu aifuate.

SUMIF iondoke, kwa mwezi huo. Kama SUMIF haitofautishi 1 na 01, hakuna usafishaji wa safu E utakaosaidia. Alama ya `=` ndani ya fomula ni kali: kwake "01" na "1" ni maandishi mawili tofauti. Tukaandika:

`=SUMPRODUCT(--(Malipo!$E$2:$E$45=A2&""),Malipo!$F$2:$F$45)`

Maana yake: pita safu E, kila utakapokuta nyumba hii hasa, jumlisha kiasi chake cha F. Ile `&""` inahakikisha A2 ni maandishi hata kama mtu amechapa 1 ya nambari, kwa sababu ukali huo wa `=` una upande wa pili: haikubali kwamba nambari 1 na maandishi "1" ni sawa. Ukichagua njia hii, pande zote mbili lazima ziwe za aina moja. Na alama ya koma katikati imechaguliwa makusudi. Watu wengi huweka nyota ya kuzidisha pale. Zote hufanya kazi data ikiwa safi. Ikiwa chafu, yenye nyota huyageuza nambari maandishi yanayosomeka kama nambari na hutoa #VALUE! kwa yasiyosomeka, na yenye koma huhesabu maandishi yote kuwa sifuri. Kwetu F ilikuwa tayari imesafishwa na makosa yake yanapita hadi juu, hivyo koma ilitosha. Kama ungejumlisha D moja kwa moja, ningekuambia utumie nyota.

Malipo yasiyo na nyumba yaorodheshwe. Safu G ya Malipo inauliza kama nyumba ya E ipo kwenye orodha: `=ISNUMBER(MATCH(E2,Wapangaji!$A$2:$A$48,0))`. Tulitumia MATCH na si COUNTIF, kwa sababu COUNTIF, inayohesabu seli zinazotimiza sharti, ina ulegevu ule ule wa SUMIF. Hapa A lazima iwe maandishi yote, tukaihakikisha. Jibu la FALSE lilitokea mara moja tu: "HSEB3". Hilo karani alilisahihisha kwa mkono kwenye E na kuipaka seli rangi. Mwenye ofisi aliuliza kwa nini tusiweke fomula ya kuondoa "HSE". Unaweza, halafu mwezi ujao aje "HOUSE B3", na unaofuata "B3 KODI MACHI". Kwa nyumba 47, jicho la mtu ni nafuu.

Nyumba zibadilishwe majina. Hili lilijadiliwa sana. Mwenye ofisi alipendekeza nambari za simu zitumike badala ya nyumba. Kiufundi zingefaa: 2547 na kuendelea ni tarakimu 12, na SUMIF huanza kuchanganya nambari zinapozidi tarakimu 15. Lakini mume hulipa leo, mke kesho, ndugu wa Mombasa mwezi unaofuata. Karani akapendekeza 2-1, yaani ploti ya pili nyumba ya kwanza. Aliichapa kwenye seli ili atuonyeshe, na Excel ikaigeuza tarehe mbele yetu sote. Tukakubaliana na herufi: ploti ya kwanza iwe A1 hadi A20, ya pili C1 hadi C9. Chochote kinachoanza na herufi ya namna hiyo SUMIF haiwezi kukigeuza nambari.

Notisi zirudishwe siku hiyo hiyo, zote, hata mbili zilizokuwa za haki, kisha zitolewe upya.

## Matokeo

Safu F ilijumlisha 543,000. Safu ya alicholipa ikajumlisha 543,000. Wadaiwa wakawa wanne: 17 shilingi 12,000, 05 na 09 shilingi 10,000 kila mmoja, na B12 aliyekuwa amelipa nusu, anadaiwa 7,000. Katika notisi 18 za asubuhi ni mbili tu zilizomfikia mdaiwa wa kweli, na ile ya B12 ilisema 14,000.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna mpangaji angelilalamikia. Mwenye nyumba yuko kwenye ushuru wa mapato ya kodi za nyumba, ule wa wanaopata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokelewa. Ritani hupelekwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa iTax kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ofisi hii ilikuwa ikichukua kiasi cha kutangaza kutoka kwenye SUM ya safu D. Kwa 324,000 ushuru ungekuwa 24,300. Kwa 543,000 ni 40,725. Tofauti ya 16,425 ingelipwa baadaye pamoja na adhabu na riba. Tuliirudia miezi miwili iliyotangulia, tangu karani huyu aanze kunakili ujumbe wa keateka, tukakuta pesa taslimu 50,000 zilizoandikwa kwa `/=` ambazo hazikutangazwa. Ritani zake zikarekebishwa, na ushuru wa 3,750 uliokosekana ukalipwa.

Ofisini, juu kabisa ya shiti ya Malipo sasa kuna mistari mitatu: jumla ya F, jumla kutoka kwenye akaunti pamoja na kitabu cha risiti, na tofauti kati yake. Notisi hazichapishwi mpaka tofauti iwe sifuri.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kuanza na jumla. Malalamiko ni chanzo kibaya cha kupima hesabu kwa sababu huja kutoka upande mmoja. Aliyelipa akaandikwa hajalipa atafika ofisini kabla ya chai ya saa nne. Aliyeandikwa amezidisha 2,000 na hajalipa hata senti atakaa nyumbani na kunyamaza. Kama karani angewasahihishia wote waliolalamika, mmoja baada ya mwingine, kufikia jioni kila mtu angekuwa ameridhika na ofisi ingekuwa imepoteza shilingi 20,000 za 05 na 09. Keateka ndiye aliyeokoa hali, tena kwa kuwajua wapangaji wake, si kwa Excel.

Data safi kando ya data ghafi nayo ilijilipa haraka. B3 alipobisha kwamba aliandika nambari sahihi, safu C ilikuwa bado na "HSE B3" yake kama ilivyotoka.

Kilichoshindwa kwanza ni ile hatua ya kuandika kiasi juu ya fomula. Naielewa: kuna mtu amesimama mbele yako na simu mkononi. Lakini seli iliyoandikwa hivyo haina tofauti ya kuonekana na seli yenye fomula, na mwezi uliofuata ingebeba malipo ya mwezi uliopita bila mtu kujua. Tulipata seli nne za namna hiyo kwenye faili la mchana, na hiyo ni sababu moja ya kulitupa na kurudi kwenye la asubuhi.

Kizuizi tulichoweka kwenye safu D ili ikubali nambari tu kimefaa nusu. Kinamkatalia karani anapochapa `10,000/=`, lakini akibandika kutoka WhatsApp hakimzuii hata kidogo; Excel haikagui kilichobandikwa. Kinachomkamata ni ile tofauti ya juu, na sasa pesa za keateka huzichapa mwenyewe.

Naona pia kwamba tuliitupa SUMIF kwa haraka kidogo. Baada ya nyumba zote kupata herufi, SUMIF juu ya safu E na F ingefanya kazi sawasawa, ni nyepesi, na karani anaielewa kuliko SUMPRODUCT. Ploti ya kwanza na ghorofa wanaweza kurudi kwayo leo. Kinachozuia ni ploti ya pili: milango ina rangi mpya ya C1 hadi C9, lakini vidole vya wapangaji vimezoea, na kila mwezi wapo wanaoandika 01 au 1 kwenye paybill. Anayeandika 01 anajulikana. Anayeandika 1 na kulipa 10,000 karani humtambua kwa kiasi, humwekea C1 kwenye safu E na kupaka rangi. Aliyewahi kumshinda ni mmoja aliyeandika 6 na kulipa 5,000. Hapo alimpigia keateka.